Safari ya Wawili, Mkono wa Mmoja

Dereva anayetoka Kampala kwenda Gulu huuvuka Mto Kafu bila kupunguza mwendo sana. Ameshaipita Bombo, ameshanunua mananasi Luweero, ameiacha nyuma nyika ya wafugaji ya Nakasongola. Daraja ni fupi, na macho ya abiria yako mbele, kwenye njia panda ya kwenda Masindi. Ukiangalia chini utaona mafunjo na maji yasiyo na haraka.

Mapema mwaka 1864, msichana wa miaka kama 22 alikuwa akiuvuka mto huu kwa miguu, juu ya majani mazito yanayoelea. Katikati alisimama, akaanza kudidimia, uso ukamgeuka zambarau, akaanguka. Jua lilikuwa limempiga. Walimtoa majini, wakambeba kwa machela akiwa hajitambui, siku baada ya siku, huku mvua ikinyesha na chakula kikiwa haba. Alipoanza kusema, yalikuwa maneno ya homa, hayana mwanzo wala mwisho. Ilipofika hapo, wanaume wa msafara walitia mpini mpya kwenye sululu, wakaenda kutafuta mahali pakavu pa kuchimba kaburi.

Hakufa. Jina lake Florence, na mwanamume aliyekuwa akitembea kando ya machela ni Samuel Baker, Mwingereza wa miaka 42. Walikuwa wakilitafuta ziwa ambalo Wanyoro waliliita Mwitanzige, na walilifikia tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Habari za ule mpini mpya tunazijua kwa sababu Samuel aliziandika katika kitabu chake kuhusu safari hiyo, kilichotoka London mwaka 1866. Kila tunachokijua juu ya siku zile za Kafu kimepita katika mkono wake. Aliyelala katika machela hatumsikii.

Nimeisafiri njia hii na mume wangu mara nyingi, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Siku hizi Kampala, ukikaa na watu waliooana karibuni, utasikia mipango ya kiwanja Wakiso, shahada ya pili Makerere, mtoto wa kwanza au wa pili, na kabla ya hayo yote kuelemea, safari ya kuizunguka Uganda kwa gari. Wengine huanzia kusini: Masaka, Mbarara, Kabale, Kisoro, kisha Fort Portal na Hoima. Wengine hukimbilia kaskazini hadi Kidepo, warudi kwa Moroto na Mbale. Simu imejaa picha kabla hawajafika Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta. Hilo ni jambo jema, na ningependa liendelee. Ila ukizitazama kumbukumbu wanazorudi nazo, utaona karibu kila mara mmoja ndiye aliyesimulia, na mwenzake amesimuliwa. Historia ya nchi hii inatuonyesha gharama ya mmoja kusimulia peke yake, na hakuna mfano mzuri kuliko wa akina Baker.

Florence alizaliwa Transylvania, katika watu wa lugha ya Kihungari, na vita vya miaka ya 1848 na 1849 vikamfanya yatima. Mwaka 1859 alikuwa Vidin, mji wa mto Danube uliokuwa chini ya Waturuki, akiuzwa mnadani. Baker, mjane mwenye watoto wa kike aliowaacha Uingereza, alikuwa akipita huko katika safari ya uwindaji. Akaondoka naye. Tangu siku hiyo hawakuachana hadi kifo, lakini walipokuja Afrika walikuwa hawajafunga ndoa. Waliondoka Cairo tarehe 15 Aprili 1861, wakakaa karibu mwaka mzima kwenye mito ya Atbara na Nile ya Buluu wakijifunza Kiarabu na kuzoea jua, kisha wakaelekea Khartoum na Gondokoro.

Lengo la Samuel tunalijua vizuri. Alitaka kuingia katika orodha ya waliofumbua fumbo la chanzo cha Nile. Gondokoro, mnamo Februari 1863, aliwaona wavumbuzi Speke na Grant wakitokea kusini, wamechoka, wamekonda, na kazi kubwa wameshaifanya. Speke alimwachia habari ya ziwa jingine upande wa magharibi, ambalo yeye hakuwahi kulifikia. Samuel akalishika hilo. Lengo la maisha yake likawa na mahali na jina.

Na lake Florence? Samuel anaeleza kwamba kabla ya safari alimsihi abaki, akampa picha ya taabu zote zitakazowakuta, naye akakataa kabisa kuachwa. Ni hayo tu tuliyopewa. Msichana aliyewahi kuwekewa bei sokoni alichagua kwenda mahali ambapo hakuna aliyemlazimisha kwenda. Mimi nasoma hapo lengo kubwa kuliko la ziwa. Lakini nasoma kwa kukisia, kwa sababu hakuna aliyemwuliza, au kama aliulizwa, jibu halikuandikwa kwa maneno yake.

Kazi aliyoifanya inaonekana hata katika maandishi ya mwingine. Wapagazi na askari walipoasi njiani, Florence ndiye aliyetuliza mambo kwa maneno wakati mumewe ameshika bunduki. Alimlea Saat, mtoto aliyetekwa utumwani na kufika Khartoum bila ndugu, ambaye alimwendea Florence mwenyewe na kumwomba akae naye. Saat alitembea nao hadi ziwani na kurudi, kisha akafa kwa tauni ndani ya mashua mwaka 1865, wakiwa wanakaribia Khartoum. Sehemu kubwa ya njia hawakuwa na farasi tena. Walipanda ng'ombe, na ng'ombe nao walipokufa walitembea.

Januari 1864 walifika Karuma. Mwezi uliofuata walikuwa Mruli, pale Kafu inapoingia Nile, wakimsubiri Omukama Kamurasi wa Bunyoro awape ruhusa ya kwenda ziwani. Mtu waliyedhani ndiye mfalme (baadaye ilijulikana ni ndugu yake aliyetumwa ajifanye yeye) alipokea bunduki, mazulia na shanga, kisha akamwambia Samuel amwachie mkewe. Samuel alitoa bastola. Florence aliinuka akamkemea yule bwana kwa Kiarabu, lugha ambayo bwana hakuijua hata kidogo. Hapo ndipo anapotokea mtu ninayemfikiria sana kila nikipita njia panda ya Masindi: Bacheeta, mwanamke wa Kinyoro aliyekuwa mtumwa katika kambi za wafanyabiashara wa kaskazini, akajifunza Kiarabu huko, sasa amerudi kwao kama mkalimani. Alisimama kati ya mwanamke wa kigeni mwenye hasira na mkuu wa nchi yake mwenyewe, akayatafsiri matusi yote kama yalivyo. Fikiria ujasiri wa mtu huyo. Kati ya wote waliokuwepo mahali pale, yeye pekee ndiye aliyekielewa kila kilichosemwa. Naye hatuna hata mstari mmoja kutoka kwake.

Baada ya hapo ndipo kukawa na Kafu, na machela, na sululu. Walipofika juu ya bonde na kuliona ziwa chini yao, Florence alikuwa dhaifu kiasi kwamba aliteremka akiwa ameegemea bega la mwenzake, akipumzika kila baada ya hatua chache. Samuel aliliita ziwa hilo Albert, kwa jina la mume wa Malkia Victoria, aliyekuwa amefariki mwaka 1861. Kutoka kijiji cha wavuvi cha Mbakovia walipanda mitumbwi kuelekea kaskazini, takriban wiki mbili majini, hadi Magungo pale Nile inapoingia ziwani. Wakapanda mto hadi maji yalipowazuia, mbele ya maporomoko ambayo Samuel aliyapa jina la Murchison, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Nile nzima inajibana hapo katika ufa wa mita saba hivi na kuanguka mita 43.

Wasomaji wengi wa habari hii huishia kwenye maporomoko. Mimi hukaa zaidi na miezi iliyofuata. Wapagazi walitoroka, chakula kikaisha, na wawili hao wakakwama katika kijiji kilichohamwa kwa ajili ya vita, wote wana homa, wakila unga uliooza na mboga za porini, wakichemsha majani ya mwituni badala ya chai. Kila mmoja aliamini atafia pale. Na katika hali hiyo Samuel aliiandika shajara yake hadi siku ya mwisho, akampa mkuu wa watu wake maagizo: tukifa, ramani na vipimo hivi vifikishwe kwa balozi wa Uingereza Khartoum. Ramani zilikuwa na mahali pa kwenda hata kama wenyewe wangebaki. Kwa mtu anayependa kuandika, huu ni ukurasa wa kuheshimu. Mwili umeshindwa, chakula hakuna, bado anahakikisha kazi itafika. Na ndiyo iliyofika. Oktoba 1865 walikuwa Uingereza, Novemba wakafunga ndoa London bila makeke, Jumuiya ya Jiografia ilikuwa imeshampa Samuel medali ya dhahabu, na mwaka 1866 akapewa cheo cha ushujaa na Malkia. Florence akawa Lady Baker kwa cheo cha mumewe. Lakini Malkia Victoria hakukubali kumpokea, kwa sababu ya miaka ile aliyosafiri na mwanamume bila ndoa.

Safari yao ya pili ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1869 mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alimwajiri Samuel aiteke nchi ya juu ya Nile kwa jina la Misri na kuzuia biashara ya watumwa, kwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka. Safari hii walikuja na jeshi. Aprili 1872 walikuwa Masindi, mji wa Omukama mpya, Kabalega, mtoto wa Kamurasi. Mwezi Mei Samuel alitangaza kwamba Bunyoro sasa ni mali ya Misri. Tarehe 8 Juni vita vikazuka, Samuel akaichoma Masindi, na siku chache baadaye msafara wote ukakimbia kurudi kaskazini, ukishambuliwa njia nzima kutoka kwenye majani marefu. Hatimaye walijikusanya Patiko, kaskazini ya Gulu, ambapo mawe ya ngome yao yapo hadi leo, na Waacholi walimpa Florence jina la Anyadwe, binti wa mwezi.

Katika safari hii ya pili Florence aliandika shajara yake mwenyewe. Ilikaa katika familia hadi mwaka 1972, ilipochapishwa na Anne Baker, aliyeolewa katika ukoo huo. Miaka 100 kamili baada ya Masindi kuchomwa. Katika miaka hiyo yote 100, yeyote aliyetaka kujua kilichotokea alikuwa na kitabu cha Samuel cha mwaka 1874, cha mtu aliyekuwa na sababu zote za kujitetea mbele ya mwajiri wake na wasomaji wake. Sisemi Florence aliandika bila upendeleo. Alimpenda mumewe na alikuwa upande wake. Nasema tu kwamba macho ya pili yalikuwepo, yaliona, yaliandika, na karne ikapita bila mtu kuyaomba.

Na kuna macho ya tatu. Samuel aliandika juu ya watu wa Bunyoro na wa Sudan kwa dharau ambayo haivumiliki kusomwa, hata pale alipokuwa hai kwa sababu ya chakula chao na mitumbwi yao. Kwa miaka mingi Kabalega alijulikana duniani kama msaliti wa kitabu cha Baker. Wanyoro hawakunyamaza. Miaka ya 1930 Omukama Tito Winyi, mwana wa Kabalega, aliandika habari za wafalme wa Bunyoro-Kitara katika jarida la Uganda Journal akitumia herufi mbili tu, K.W. Mwaka 1947 John Nyakatura akatoa kitabu chake cha historia ya wafalme hao, Abakama, kwa lugha ya Kinyoro. Kabalega mwenyewe alipigana na Waingereza hadi alipokamatwa mwaka 1899, akapelekwa Shelisheli, na akafa Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi nyumbani. Kaburi lake liko Mparo, karibu na Hoima, nje kidogo ya barabara wanayopita watalii wanaokwenda kuyaona maporomoko. Enzi za Idi Amin maporomoko hayo na hifadhi yake vilipewa jina la Kabalega. Utawala ulipoanguka, jina la Murchison likarudi. Nawasihi wanaopita Hoima wasimame Mparo. Ni mchepuko mdogo, na bila huo safari ya kwenda Murchison ni safari ya upande mmoja.

Ziwa hilohilo la Albert liliwapokea wawili wengine mwaka 1954. Mwandishi Ernest Hemingway alikuwa amempa mkewe Mary zawadi ya kuiona Afrika kwa ndege. Tarehe 23 Januari, karibu na maporomoko, ndege yao ndogo ilikata waya wa simu ya zamani ikaanguka. Walilala porini, wakaokolewa na boti iliyokuwa ikipita, wakafikishwa Butiaba, wakapanda ndege ya pili, nayo ikashika moto ikiwa bado inajaribu kuruka. Walibebwa kwa gari hadi Masindi na kisha Entebbe, huku magazeti duniani yakiwa yameshatangaza vifo vyao. Ernest aliandika habari hiyo mwaka huohuo katika gazeti la Marekani. Mary aliandika yake katika kitabu cha mwaka 1976, miaka 15 baada ya mumewe kufa. Ajali ni ileile, mbavu zilizovunjika ni za Mary. Hapa angalau msomaji ana mikono miwili ya kulinganisha.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunayo mapokeo yetu ya kuandika safari, na ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyo wa safari za Waswahili, walizoziandika wenyewe: Mtoro bin Mwinyi Bakari akieleza safari yake ya Udoe hadi Uzigua, Selim bin Abakari akieleza aliyoyaona Urusi na Siberia. Tippu Tip naye aliyaandika maisha yake, misafara na vita na biashara, kwa mkono wake. Ni maandishi yenye nguvu, ya watu waliojua kutazama. Lakini wote ni wanaume, na wake zao wanaonekana kwa mbali, kama wanaonekana. Kwa hiyo pengo ninalolizungumzia halikuletwa na Wazungu peke yao. Ni letu pia, na ni sisi tunaoweza kuliziba.

Narudi kwenye gari la leo, la mume na mke waliotoka Kampala alfajiri kuukwepa msongamano wa Bwaise na Kawempe. Mara nyingi mmoja anaendesha na mwingine ana simu. Video itakayotoka itakuwa na sauti ya mmoja. Au mke atakuwa mbele ya kamera kila kituo, amependeza, anatabasamu kwenye daraja la Karuma, na mume atakuwa kivuli kilichoshika simu. Ukiwauliza lengo la safari watasema "tulitaka", na katika hiyo "tulitaka" kuna mmoja aliyetaka na mmoja aliyefuata. Hakuna ubaya kufuata. Florence alifuata, na akawa nguzo. Ubaya ni mtu kufuata miaka 20 bila kuulizwa alikuwa akielekea wapi mwenyewe.

Mimi na mume wangu tuliamua kila mmoja awe na daftari lake, la karatasi, na kutosomana hadi turudi nyumbani. Lake lilijaa hesabu. Lita za dizeli Luweero, upepo wa matairi kabla ya barabara ya vumbi ya kuingilia hifadhini, kilomita kutoka Kampala hadi Paraa, ambazo ni kama 300. Langu lilijaa maneno ya watu: mwanamke aliyeuza maembe Kigumba akitueleza lini mvua ilichelewa, mzee wa Butiaba akionyesha kwa fimbo mahali ambapo gati ya meli ilikuwa kabla maji ya miaka ya 1960 kuimeza. Tuliporudi tukabadilishana. Katikati ya hesabu zake, chini ya bei ya dizeli ya Masindi, kulikuwa na mstari mmoja: "Hapa ningeweza kulima." Hakuwahi kunitamkia neno hilo. Tulikuwa tumekaa pamoja ndani ya gari saa nyingi, tumezungumza juu ya ada za watoto, juu ya deni, juu ya ndugu, na hilo halikutoka mdomoni mwake. Daftari lilimruhusu.

Shamba bado hatujalinunua. Tumeanza kuuliza bei, na tumeanza kuzungumza juu ya kustaafu kwa namna ambayo hatukuwa nayo kabla. Ndiyo maana siamini kwamba kuandika safari ni pambo. Malengo makubwa ya mtu huona haya. Hayatoki ukiyaita mezani kwa mkutano wa familia mwezi Januari, kila mtu ataje matano. Hujitokeza mtu akiwa amechoka, yuko mbali na kazini kwake, anaandika kitu kingine kabisa. Aliyeandika peke yake ndiye anayeyakuta. Mwenzake, ambaye kazi yake ilikuwa kuonekana kwenye picha, hurudi nyumbani na malengo yake yakiwa bado yamejificha.

Wapo watakaosema video inatosha. Video inaonyesha maporomoko vizuri kuliko kalamu yangu, sibishani na hilo. Lakini mtu akijua kamera inawaka husema ya kamera. Tena simu huibwa, akaunti hufungwa, na picha 3,000 za safari moja hakuna anayezirudia. Ukurasa mmoja wenye tarehe, mahali, jina la aliyekuonyesha njia na jambo moja lililokutia hofu hukaa muda mrefu zaidi. Jina la aliyekuonyesha njia nalisisitiza. Samuel aliandika la Bacheeta na la Saat, na kwa sababu hiyo tu sisi tunaweza kuwataja leo. Wasafiri wengi wa sasa, tena wenyeji wa nchi hii, hurudi bila kulijua jina la nahodha wa boti aliyewapeleka hadi chini ya maporomoko na kuwarudisha salama.

Kuna sababu nyingine ya kuandika, nayo ni kwamba barabara yenyewe inabadilika kwa kasi. Karuma ya akina Baker ilikuwa mlio wa maji tu. Leo kuna bwawa la umeme la megawati 600 lililozinduliwa Septemba 2024, na mwezi huohuo daraja la Karuma likafungwa kwa ukarabati, magari ya Arua na Gulu yakazungushwa njia nyingine hadi mwisho wa mwaka. Paraa, ambako tulizoea kusubiri kivuko huku ngiri wakizunguka magari, sasa kuna daraja. Ng'ambo ya pili, ndani ya hifadhi, kuna visima vya mafuta vya mradi wa Tilenga, na bomba la kilomita 1,443 limeelekezwa Chongoleani, Tanga. Hata maporomoko si yaleyale ya mwaka 1864: mafuriko ya mwaka 1962 yalifungua mkondo wa pili pembeni, ukaitwa Uhuru. Anayepita mwaka huu anaiona nchi ambayo watoto wake hawataiona. Wakiwa wawili wanaoiona, basi ziandikwe mbili.

Na kwa wale ambao safari zao zimeshapita, au ambao wazazi wao ndio waliosafiri, nina ombi. Nyumba nyingi za Kampala zina baba na mama waliopita njia hizi katika miaka migumu: Luweero wakati wa vita vya mwanzo wa miaka ya 1980, Karuma miaka ya 1990 wakati magari yalipongoja ulinzi wa jeshi ili yasonge kwa msafara. Habari hizo kwa kawaida husimuliwa na baba, sebuleni, na mama huongeza neno akipita na sinia. Nenda kawaulize. Muulize kila mmoja peke yake, siku tofauti, na uandike anavyosema bila kumsahihisha kwa maneno ya mwenzake. Mwulize mama alikuwa akienda wapi katika maisha yake siku ile walipopanda gari. Usingoje hadi msiba, ndipo watu waanze kutafuta madaftari kwenye masanduku. Anza Jumapili hii.